Stelingi Anakufa Mapema: Niliyoyasema Juu ya Nabwana wa Wakaliga

Maneno haya niliyasema Bukoba jioni moja, mbele ya vijana wanaojifunza kupiga na kuhariri video, kabla hatujazima taa tuangalie filamu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikipunguza kukohoa tu.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano. Mimi ni mpiga video za harusi, na kwenye kazi yetu dakika kumi na tano hata keki haijaletwa ukumbini. Mnivumilie.

Kabla ya harusi nilikuwa mtoto wa banda. Ninyi mkisikia "kibanda umiza" mnafikiria mpira wa Ulaya na ving'amuzi. Sisi ilikuwa mikanda. Mabati juu, magunia ukutani ili wa nje asiibe picha, mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni moja, deki moja, na jenereta kwa nyuma inanguruma hadi mtu akinong'ona kwenye filamu unasoma midomo. Mimi nilikuwa mtu wa deki. Picha ikianza kuingia chenga natoa mkanda, nafungua kifuniko, nalowesha karatasi safi kwa spiriti, naituliza kwenye hedi huku naizungusha hedi taratibu kwa kidole. Ukisugua juu na chini umeiua, na bosi anakukata mshahara ambao hata hujaupata. Wakati huo watu hamsini nyuma yako wanapiga miluzi wanadai hela yao.

Banda lile lilikuwa na sheria moja isiyoandikwa: stelingi hafi. Risasi ikimpata, imempata begani. Akitumbukia kwenye genge, kuna mti umechipua katikati ya jabali kumsubiri yeye tu. Watu walilipa kiingilio kwa sababu ya sheria hiyo. Nimeona mzee mzima akisimama na kudai arudishiwe pesa siku mkanda mmoja ulipothubutu kuivunja.

Sasa filamu tunayoiangalia leo imetoka hapo ng'ambo ya Mutukula, na stelingi wake anakufa kabla hamjamaliza karanga zenu. Jina lenyewe limeshatoboa siri: *Who Killed Captain Alex?* Nani alimuua Kapteni Alex. Na niwaambie mapema ili mtu asinidai hela mimi: aliyemuua hatajwi. Filamu inakwisha, hatajwi. Aliyeitengeneza ni Isaac Nabwana, anayejiandika Nabwana I.G.G., wa mtaa wa Wakaliga, Kampala. Ndiko lilikotoka jina la Wakaliwood.

Nimekuja kumsifu huyu mtu. Lakini kwanza niwaombe msimsifu kwa jambo ambalo dunia inamsifia. Ukiingia mtandaoni utakuta watu wameandika: tazameni, filamu ya vita kwa dola chini ya 200, bunduki za vyuma chakavu, matope, watoto pekupeku, ajabu gani hii! Wanasifu umaskini. Umaskini hauna ufundi wowote. Kama ungekuwa nao, hapa Kagera tungekuwa na studio kila kijiji.

Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Anayejua tofali anajua: unachimba udongo, unakanyaga, unafyatua, unaanika, unaomba mvua isinyeshe, unapanga tanuru, unachoma, halafu ndiyo unamtafuta mnunuzi. Pesa ya kamera yake ya kwanza ilitoka huko. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Shule ya kompyuta alimudu kulipia mwezi mmoja tu, mengine akajifundisha. Alianza na video za muziki, na mwaka 2005 akaanzisha kampuni akaiita Ramon Film Productions. Ramon si Mhispania. Ni bibi zake wawili, Rachael na Monica, aliowaunganisha wakawa neno moja. Mkewe, Harriet, ndiye nguzo ya shughuli nzima. Waliofika pale wote wanamtaja. Nyumba ni studio, na uwanja unakoanikwa nguo ndiko vinakopigwa vita.

Lipo moja katika maisha yake ambalo mimi, mtu wa deki, linanichoma kila nikilikumbuka. Alipokuwa mtoto hakuwa anaingia kibandani. Waliokuwa wanaingia ni kaka zake. Wakirudi nyumbani wanamsimulia: jamaa akaruka hivi, akapiga teke hivi, gari likapaa likawaka. Yeye filamu hizo alizitengenezea kichwani. Kwa hiyo alipokuja kushika kamera hakuwa anaiga filamu alizoziona. Alikuwa anafuatilia filamu alizosimuliwa. Na ninyi mnajua simulizi ya kaka mtu ilivyo: hakuna mtu anayetembea taratibu, hakuna wanaokaa mezani kuzungumza mambo ya ndoa. Ni teke, risasi, moto, teke. Ukiitazama filamu yake ukasema "huyu mbona hapumzishi watu", hayo ndiyo majibu.

Sasa mbinu, maana najua wanafunzi mmekuja kwa hilo.

Bunduki zake anatengeneza fundi mmoja aitwaye Dauda Bisaso, kwa mabomba, vyuma vya magari na mbao. Helikopta ipo pale uwanjani, ya vyuma vilivyochomelewa, wala haina haja ya kuruka. Kazi ya kuruka inafanywa na kompyuta. Moshi na moto wa mtutu wa bunduki vinawekwa baadaye kwenye kuhariri. Damu mwanzoni ilikuwa damu halisi ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akaugua, ndipo wakahamia rangi ya chakula. Na ile damu inayofumuka mtu akipigwa risasi kifuani inawekwa ndani ya kondomu, inafichwa chini ya shati, halafu inapasuliwa kwa uzi. Wazee mnisamehe. Lakini fikirieni akili yake: mfuko mwembamba kupita wote, haupitishi maji, unapasuka ukitaka upasuke, na kwenye zahanati unatolewa bure. Kuna watu wamesomea madoido ya damu nje ya nchi na hawajafika hapo.

Lakini hayo bado siyo niliyojia. Niliyojia ni namna alivyouza.

Waigizaji wa Nabwana hawakuwa wanalipwa siku ya kupiga picha. Filamu ikishatoka, wanachukua DVD, wengine wakiwa wamevaa nguo zile zile za kwenye filamu, wanaingia mitaani nyumba kwa nyumba kuuza. Nusu ya bei inabaki kwao. Na wana kama wiki moja tu, kwa sababu baada ya hapo maharamia wameshanakili na soko limekwisha. Hebu liwazeni hilo kwa makini. Unafungua mlango asubuhi, umeshika mswaki, unamkuta komando anakuuzia filamu ambayo yeye mwenyewe anauawa ndani yake. Unamwambia "lakini wewe nilikujua, wewe ni mtoto wa yule mama wa mkaa". Anakwambia ndiyo mama, angalia nilivyokufa vizuri. Utakataa?

Hapo ndipo ulipo upekee wake. Sisi huku tumezoea kutengeneza kwanza, halafu ndiyo tunaanza kulia: msambazaji kanilalia, wadosi wa mjini wamechukua haki zote kwa pesa ya mafuta ya gari, televisheni wanataka niwape bure. Ni kweli, nimelia hivyo na mimi. Nabwana alianza na mlango wa jirani. Alijua nani atanunua kabla hajajua nani ataigiza. Na mara nyingi ni mtu huyo huyo. Mwenyewe amesema hakuwahi kutarajia kwamba mtu wa nje ya kijiji chake angeiona filamu ile.

Na kwa sababu hakuwa anamtengenezea mtu wa nje, hakutengeneza filamu ya semina. Mnazijua filamu za semina. Mimi nimepiga nne. Shirika linakuja na muswada wa kurasa sita. Ukurasa wa kwanza baba anakataa kutumia chandarua, ukurasa wa tano mtoto anaumwa, ukurasa wa sita mganga mkuu anatoa somo. Pesa ni nzuri, sitadanganya, nimeezekea nyumba. Lakini sijawahi kumwona mtu akisimamisha boda ili ainunue. Nabwana, mtu wa mtaa ambao mitaro ipo wazi na umeme unakatika utakavyo, angeweza kuishi kwa pesa hizo. Yeye akaamua kwamba watu wa Wakaliga wanastahili genge la Tiger Mafia, makomando na kung fu.

(Hapo ukumbi ulicheka, na mimi nikanywa maji.)

Twende kwa VJ. Waganda nao mahali pa kuonyeshea video wanapaita kibanda, neno ni letu sote. Na ndani ya kibanda chao kuna mtu mwenye maikrofoni. Filamu ya kigeni inapita, yeye anaitafsiri kwa Kiluganda papo hapo, anaongeza chumvi, anamtania mwigizaji, anamtahadharisha stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Wenyewe wanamwita VJ. Sisi tulikuwa naye Lufufu kwenye mikanda yetu, Wakenya wana DJ Afro. Wasomi wa filamu hawakuwapenda watu hawa. Wanasema wanaharibu kazi ya mwenye kazi, na kwa haki za msanii wana hoja. Ila mimi nilikaa bandani miaka mingi, nikaona watu wakitoka kwenye mkanda wa Lufufu wameielewa Hong Kong kuliko mimi ninavyoielewa Dar es Salaam.

Kwenye filamu ya leo mtasikia sauti ya VJ Emmie tangu mwanzo hadi mwisho. Hanyamazi. Anapiga kelele "komando!", anawasifia, anawazomea, anatangaza kwamba Uganda kila mtu anajua kung fu. Mara ya kwanza nilikerwa, nikatafuta nakala isiyo na sauti yake. Haipo. Nabwana alifuta filamu yake kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kuhariri nyingine. Hakuwa na diski ya pili. Iliyosalimika ni hii yenye Emmie ndani.

Mnaguna. Msigune sana. Mimi nimewahi kufuta harusi ya watu. Diski ilikuwa ya gigabaiti 40, Ijumaa usiku, kesho yake nina send-off, nafasi hakuna. Nikaangalia majina ya mafolda, nikachagua wale ambao nilijiambia wameshachukua CD zao. Walikuwa wameichukua moja. Miezi miwili baadaye bwana harusi akaja ameishika, mtoto wa jirani ameichora kwa msumari duara zima kama santuri. Nikamwambia arudi Jumatatu. Nimemwambia Jumatatu mara nyingi. Mama yake, aliyekuwa amecheza kwenye harusi ile hadi kitambaa kikamdondoka kichwani, alikuwa ameshafariki, na mahali pekee alipokuwa bado anacheza nilikuwa nimepafuta mimi ili nipate nafasi ya send-off ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nikisikia mtu anamcheka Nabwana kwa kufuta filamu yake, mimi simcheki. Ninachokiona ni kwamba ile sauti ambayo wasomi waliiita uchafu ndiyo iliyokuja na nakala iliyopona. Jalala la kibandani ndiyo makumbusho yetu. Na kuna jingine alilolifanya Emmie ambalo ilinichukua muda kuliona. Wazungu wanaiangalia filamu hii wanacheka, na mimi nilikuwa nauliza moyoni, wanatucheka sisi? Halafu nikasikiliza tena. Emmie anacheka kabla yao. Helikopta ya kompyuta haijakaa sawa, Emmie ameshaitania. Mtu amekufa vibaya, Emmie ameshamzomea. Ukifika wewe na kicheko chako cha dharau unakuta kiti kimekaliwa. Nafasi iliyobaki ni ya kucheka pamoja nao.

Sasa lipo jambo ambalo mtu wa New York hawezi kuliona kwenye filamu hii, na mtu wa Kagera hawezi kuacha kuliona. Mimi nimezaliwa 1974. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipoingia huku na daraja la Kyaka likavunjwa, mama alinifunga mgongoni tukaondoka usiku. Vita sivikumbuki. Nakumbuka kitenge cha mama kikinifunika uso, na mtu mzima mmoja akimwambia mbuzi wetu anyamaze, kana kwamba mbuzi anaelewa. Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi letu na Waganda waliokuwa uhamishoni. Nabwana ni wa rika langu. Alikuwa mtoto upande ule.

Zinapita kama miaka thelathini. Mtoto wa upande ule anakaa mbele ya kompyuta aliyoiunga kwa vipande, anaipiga mabomu Kampala yake mwenyewe kwa helikopta ya kuchora. Majengo yanawaka moto ambao si moto. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema moyoni, huyu anachezea nini? Nikaipeleka nyumbani. Mama alikuwa bado hai. Akakaa, akaangalia risasi zile, akaniuliza, "Hawa ndio wale?" Nikamwambia, hapana mama, ni watoto wao, wanacheza. Akaangalia hadi mwisho. Hakucheka sana, lakini alipoona kondomu ya damu imepasuka kabla ya risasi alisema, "Huyo ameharakisha kufa." Halafu akaomba chai.

Yaliyofuata ya Nabwana mengi mnayajua, nayapita haraka. Januari 2010 kionjo cha filamu hii kiliwekwa YouTube, dunia ikakiona. Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, alikiona akiwa New York, mwaka 2011 akapanda ndege kumtafuta aliyekitengeneza, mwisho akahamia Wakaliga kabisa na kuigiza daktari kwenye *Bad Black*, filamu iliyopata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest kule Texas mwaka 2016. Mwaka 2015 walichangisha mtandaoni kwa ajili ya filamu nyingine wakiomba dola 160. Zikaja zaidi ya 13,000. *Crazy World* ilionyeshwa usiku wa manane kwenye tamasha la Toronto mwaka 2019. Mwaka 2022 wakaalikwa Documenta, Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa, hao hao wa helikopta ya vyuma chakavu.

Hiyo *Crazy World*, kwa taarifa yenu, ina kipande katikati ambapo wanaoharamia filamu wanasakwa na kuadhibiwa. Mtu umekaa nyumbani na nakala ya wizi, filamu inakugeukia wewe. Ningekuwa na akili hiyo wakati naibiwa kazi zangu ningekuwa mbali.

Watu huniuliza, je, filamu zenyewe ni nzuri? Wanataka niseme ndiyo kwa sababu nimekuja kumsifu. Nitawajibu kama fundi. Sauti mbovu. Mwanga ni wa Mungu, na saa nyingine Mungu alikuwa amefunika na wingu. Hadithi ina mashimo ambayo daladala inapita. Lakini uhariri, jamani, angalieni uhariri! Hakuna pigo linalochelewa. Teke likianza huku, mguu unafika kule kabla jicho halijauliza. Mimi nimehariri miaka ishirini na tano na bado kuna mahali kwenye mapigano ya yule jamaa wa kung fu, ndugu yake Kapteni Alex anayetafuta aliyemuua nduguye, ambapo nimerudisha nyuma mara nane nikitafuta mkato uko wapi. Hapo nawaomba mtoe madaftari.

Na mwangalieni kila mtu aliyeko nyuma kwenye picha, siyo aliyeko mbele tu. Nyuma ya majambazi kuna nguo zimeanikwa, kuku anapita, mama kasimama na beseni anasubiri wamalize kuuana apite. Anaonekana hakuambiwa atoke. Kwenye seti zetu huyo mama tungemfukuza kwa kelele. Nabwana alimwacha, na mimi huwa nasema yule ndiye aliyenunua DVD ya kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekwisha.

Moja tu la utaratibu. Nikiingia hapa nimewaona watoto kama kumi na wawili nje, wanachungulia kwenye mwanya wa dirisha, mmoja amepakata mdogo wake ili naye aone. Najua kiingilio kimewekwa, najua ukumbi una mkataba. Nitalipa mimi. Fungueni mlango waingie wote, wakae chini hapa mbele, na yule mdogo apewe nafasi asizibwe.

Haya. Kijana wa mashine, umejaribu sauti? Zima taa.